Eneo wazi si mabaki ya kiwanja

"Jengo limefunika 60% ya kiwanja, kwa hiyo eneo wazi ni 40%." Sentensi hii inajirudia kwenye maombi ya vyeti vya majengo ya kijani, yaani majengo rafiki kwa mazingira. Hesabu ni sahihi. Neno ndilo limekosewa.

Kwa LEED, mfumo wa Marekani wa kutoa vyeti hivyo, toleo la 4, eneo wazi ni sehemu ya nje, ndani ya kiwanja, inayofikika kwa miguu na yenye kazi: kukaa na kuzungumza, michezo, bustani ya mimea mchanganyiko, kilimo cha mboga, au makazi ya viumbe. Ukubwa wake ni angalau 30% ya kiwanja chote, pale jengo lilipokaa pakiwemo. Angalau robo ya eneo hilo iwe na mimea au ifunikwe na matawi ya miti, na ukoka mtupu hauhesabiwi kuwa mimea. Ukitimiza unapata alama 1. Usipotimiza, huipati tu, hunyimwi cheti. Na wanaotafuta EDGE, cheti kingine cha majengo ya kijani, wasihangaike hapa kabisa: chenyewe kinapima nishati, maji na vifaa vya ujenzi.

Sasa hilo neno. Kiswahili kina wazi mbili. Kifua kikiwa wazi, hakikufunikwa. Mlango ukiwa wazi, unapitika. Wanaotoa 60 kwenye 100 wanachukua wazi ya kifua peke yake, na LEED inataka zote mbili: pasiwe ndani ya jengo, na mtu aingie akae. Maegesho hayana paa, lakini ni ya magari. Ukanda wa mita moja na nusu kati ya ukuta na uzio, wenye jenereta na mashimo ya maji taka, hauna paa pia. Nyumba za mawe za Lamu zinalijua jambo hili zamani: kiwanda, ule ua wa ndani, ni chumba kisicho na dari. Hakuna aliyekiita nafasi iliyobaki.

Kuna mkanganyiko wa pili. "Eneo la wazi" la mipangomiji ni ardhi iliyotengwa kwa umma, kama viwanja vya Mnazi Mmoja. La cheti liko ndani ya kiwanja chako na linahudumia watumiaji wa jengo. Kupakana na la kwanza hakukupi la pili.

Katikati ya mji hapo ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Chukua kiwanja cha mita za mraba 800, jengo limekalia 600, ghorofa nane zenye ukubwa huohuo. Unahitaji 240 za eneo wazi, na 60 kati yake za mimea. Chini zimebaki 200. Toa maegesho, njia ya magari na matangi, labda unabaki na 50. Lakini jumla ya sakafu ni 4,800, yaani mara 6 ya kiwanja. Uwiano huo ukifika 1.5, paa linaruhusiwa kuhesabiwa, sehemu ya kukaa na ya mimea pia. Basi zile 190 zitafute juu.

Juu nako hupotea kwa mambo madogo. Ngazi ya chuma ya fundi si njia ya kufikia. Lifti na ngazi ya kawaida vifike paani, na mlango usiwe wa kufungwa kofuli na mlinzi. Udongo wa sentimita 10 ukiloa maji unakaribia kilo 150 kwa mita ya mraba, kabla ya watu na viti, kwa hiyo mhandisi wa miundo aambiwe kabla zege halijamwagwa. Matangi, mashine za viyoyozi na paneli za sola navyo vinagombea paa hilohilo.

Ile 40% basi iandikwe "eneo lisilojengwa". Ni takwimu halali. Eneo wazi lipimwe peke yake, kipande kwa kipande, kwenye mchoro.