Mbunge akisema "elimu ya umma na malezi nafuu ya watoto ndo kipaumbele changu" anamaanisha nini?

Kampeni zikifika huku kwetu Mbeya utasikia kwenye maspika kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, vipaumbele vyangu ni elimu, afya, maji, barabara, vijana, kina mama, kilimo. Sasa hapo hamna kipaumbele hata kimoja, hiyo ni orodha tu. Kipaumbele ni kile unachokitanguliza vingine vikabaki vinasubiri, kama nyumbani ukishauza viazi ukapata hela kidogo, unaanza na mbolea au unaanza na sare ya mtoto, ulichoanza nacho ndo hicho hata kama mdomoni unasema kingine.

Kwa mbunge inakuwa ngumu zaidi kwa sababu hela hashiki yeye. Katiba ibara ya 99 imeweka wazi, mambo ya kutoza kodi au kutoa hela Mfuko Mkuu wa Hazina lazima yatoke kwa Rais yaletwe na waziri. Mfuko wa Jimbo upo kisheria tangu 2009 na mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake, ila huo ni wa kuchochea miradi midogo, bati za darasa, matofali, basi. Anachobaki nacho ni mdomo na kiti: anauliza maswali, anachangia bajeti Aprili mpaka Juni kule Dodoma, anaingia baraza la madiwani, na akikasirika anashika shilingi, yaani anazuia mshahara wa waziri usipite mpaka apewe majibu (wengi wanaishia kuirudisha hiyo shilingi dakika chache baadaye, mnawajua). Kwa hiyo ukitaka kujua kipaumbele chake angalia alishika shilingi kwa lipi.

Elimu ya umma watu wanaielewa. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, awali mpaka kidato cha nne, mwaka 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Ila bila ada siyo bila gharama, kuna daftari, kuna mahindi na maharage ya chakula cha shule, na ruzuku ya mwanafunzi wa msingi iliyopangwa ni 10,000 kwa mwaka, gawanya kwa siku za masomo uone kama inatosha hata andazi moja.

Malezi nafuu ndo watu wanachanganya, wanadhani ni chekechea. Darasa la awali liko shule ya msingi, ni la mtoto wa miaka mitano hivi, na mchana kashatoka. Malezi ya mchana ni huyu wa miaka miwili mitatu ambaye mama yake saa kumi na moja alfajiri yuko sokoni Mwanjelwa anapokea nyanya, baridi ya Juni hiyo mnaijua, mtoto kalala kwenye boksi chini ya meza kafunikwa kitenge, akiamka anakaa hapo hapo kwenye maganda mpaka jioni. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, vinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ila vingi ni vya watu binafsi na makanisa na unalipia. Tuseme kituo ni elfu mbili kwa siku na mama anarudi na faida ya elfu tano, ana watoto wawili, hapo imebaki buku na hajala. Nafuu maana yake ni hiyo, bei ipimwe kwa faida ya mama, siyo kwa mshahara wa mtu wa benki.

Halafu kuna hili la nani aulizwe. Awali iko TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Wizara ya Elimu, vituo vya mchana viko kwa watu wa ustawi wa jamii chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 mpaka 8, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilitakiwa iwaunganishe wote hao, so mbunge aliyejipanga anajua swali gani linaenda kwa waziri yupi.

Mi nilishamuuliza mgombea mmoja mkutanoni, huyu wa miaka miwili mpaka minne umempangia nini, akajibu kwa sauti kubwa kabisa kwamba darasa la awali lipo kila shule. Akapigiwa makofi.