Maneno yataeleweka? Jinsi programu inavyojibu kabla ukumbi haujajengwa

Sauti inaweza kujaa ukumbi mzima na waliokaa nyuma wasiambulie neno. Kusikika ni jambo moja, kueleweka ni jingine, na hilo la pili ndilo programu za akustika (elimu ya sauti) hukadiria wakati jengo bado ni ramani.

Kinachopotea kwanza ni konsonanti. Irabu zina nguvu. P, f, sh na k ni nyepesi na hupita upesi. Mwangwi wa irabu iliyotangulia ukiwa bado unazunguka, konsonanti inayofuata hufunikwa. MC anasema "fika", huku nyuma mtu anapata "-ika" tu, abuni mwenyewe kama ni pika au shika.

Kipimo kinachotumika sana ni STI (Speech Transmission Index), kilichoanzishwa na Waholanzi Houtgast na Steeneken miaka ya 1970. Kinaangalia jinsi nguvu ya usemi inavyopanda na kushuka silabi kwa silabi, na kiasi gani cha mabonde hayo kimefukiwa na mwangwi au kelele. Jibu ni kati ya 0 na 1: chini ya 0.30 ni vurugu tupu, kuanzia 0.60 ni nzuri.

Programu kama ODEON ya Denmark au EASE ya Ujerumani hupewa umbo la jengo, kiwango ambacho kila ukuta, sakafu na dari hufyonza sauti, na mahali pa spika na wasikilizaji. Kisha hurusha maelfu ya miale ya sauti na kuifuata inavyogonga na kudunda.

Tuchukue ukumbi wa aina inayojengwa sana Mwanza: mita 20 kwa 30, urefu wa dari mita 6, vigae chini, plasta na vioo pembeni. Tukikadiria kwamba nyuso zake zinafyonza asilimia 5 tu ya sauti inayozigonga, kanuni ya Sabine, inayokadiria muda wa mwangwi kufifia, inatoa takriban sekunde 6.4. Waingie watu 400, kila mmoja akifyonza kama eneo la mita 0.4 za mraba linalomeza sauti yote, muda huo unashuka hadi sekunde 2.3. Ndiyo maana fundi anayepima mitambo asubuhi, viti vikiwa vitupu, anapata picha isiyo ya jioni.

Kuongeza sauti ya spika hakutibu mwangwi, kwa sababu nao unapanda pamoja na usemi. (Wenye kumbi hawapendi kusikia hili, wameshanunua spika kubwa.) Dhidi ya kelele, hapo sauti kubwa husaidia kiasi.

Na kelele ndipo makadirio mengi huharibikia. Programu haijui kwamba mvua ya ziwani ikipiga bati lisilo na dari, mhubiri hunyamaza asubiri, wala kwamba dirisha lililofunguliwa upande wa barabara, ingawa linatoa mwangwi nje, linaleta honi za bodaboda ndani. Lazima mtu aziingize kelele hizo kama namba. Ukiletewa ripoti yenye STI 0.65, uliza kwanza: kwa kelele kiasi gani, na watu wangapi ndani? Kama kelele iliwekwa sifuri, hiyo 0.65 ni ya ukumbi ambao hapa Nyakato, Mwanza, hauko.