Ukinzani wa joto: leza kubwa hupozwaje?

Karakana za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, zinazokata mabamba ya chuma kwa leza huwa na kabati linalonguruma pembeni, limeunganishwa na mashine kwa mipira ya maji. Hilo ni chila, mashine ya kupoza maji. Wengi hudhani linapoza kichwa kinachokata tu. Kichwa nacho hupata maji yake, ila mgonjwa hasa ni chanzo cha leza, ambacho ndani kina vipande vya semikondakta vidogo kuliko punje ya mchele.

Karibu nusu ya umeme unaoingia kwenye kipande hugeuka mwanga, nusu hugeuka joto. Kikitoa wati 10 za mwanga, kina wati 10 za joto za kuondoa. Kwa pasi ya nguo, hizo si chochote, lakini hapa zinatoka kwenye mstari wenye upana wa sehemu ya kumi tu ya milimita.

Ukinzani wa joto hupima ugumu wa njia ya joto hilo kutokea: nyuzi ngapi zinapanda kwa kila wati inayopita. Ukiwa nyuzi 2 kwa wati, wati 10 zitakiweka kipande nyuzi 20 juu ya maji yanayokipoza. Kwa hiyo kipande hulazwa kifudifudi, upande unaowaka ukielekea chini kwenye lehemu, ili joto lisipite kwenye mwili wake, maana galiamu asenidi, semikondakta iliyounda kipande, hupitisha joto kama mara nane chini ya shaba. Lehemu ikiwa na kitobo kidogo tu, juu yake panaungua.

Na kila nyuzi moja ikipanda, rangi ya mwanga husogea karibu nanomita 0.3. Jicho halioni, lakini uzi wa kioo ulio ndani ya chanzo, unaolishwa mwanga wa nanomita 976 na vipande hivyo ili utoe leza ya kukatia, huona: huunyonya kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na nguvu ya kukatia inapungua. (Leza za kwanza za jamii hii, mwaka 1962, zilipozwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika!)

Basi tushushe maji mpaka yawe baridi kabisa? Dar, hapana. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kwenye kitu chenye nyuzi 26. Ukiweka chila kwenye 20 huku kabati la leza liko wazi, mabomba yanatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo likifika kwenye lenzi au nyaya, umenunua chanzo kipya. Funga kabati, washa kiyoyozi chake kwanza kikaushe hewa, chila ifuate baadaye.