Kukosa asiransi haiko tiketi ya kulipwa na Leta ya Marekani

Jumapili tena, kwa matanga fulani kule Kadutu, papa mumoja anasema: "Ndugu yangu iko Kentucky, mvua imebeba shamba yake, lakini hana asiransi, basi Leta itamulipa yote." Nikaweka kikombe ya chai chini. Mimi ni agronomu, na tangu familia zetu zianze kulima kule, karatasi zao njo zinanikutaka kwa WhatsApp saa sita ya usiku.

Ile feza anayoisema, kwa walimaji inapitiaka kwa NAP, programu ya wizara ya kilimo ya Marekani inayolipa sehemu ya hasara ya mazao, na NAP haiko ya mutu aliyekataa asiransi. Iko ya ZAO ambalo asiransi yake haiuzwe kwa kaunti ile. Kama ulilima mahindi na asiransi ilikuwa pale ukaiacha juu ya bei, NAP haikujue. Lengalenga, ndiyo, inaingia. Ila unajiandikisha MBELE ya mvua, kwa biro ya FSA, ile ya wizara inayopokea walimaji, dola 325 kwa zao moja, na mazao mengi kwa kaunti moja haipite 825. Anayeanza, bado hajapitisha miaka 10 kwa kilimo, anasamehewa ile ada, wengi wakisikia hivyo wanaenda kulala. Ndugu, wamesamehe ada, karatasi hawajasamehe! Tena kinga inaanza siku 30 kisha kujiandikisha, kwa hiyo kukimbilia biro mawingu yakisha kuwa meusi ni mbio ya bure.

Sasa hesabu, hapa njo ninakasirikaka. Kinga ya msingi inashika nusu tu ya mavuno unayotegemea, kwa 55% ya bei ya soko. Tuseme shamba inatoaka kilo 1000, mafuriko ikakuachia 400. Wewe unalia kilo 600. Wao wanaanzia 500, wanatosha 400 yako, inabaki 100, na hiyo 100 wanalipa 55% ya bei, ni sawa umeuza kilo 55. Ukibaki na 500 na kitu, sifuri. Ukipoteza yote kabisa kabisa, ni kama kilo 275. Kuna ngazi ya juu, mpaka 65% kwa bei nzima, lakini ile unaongeza makuta.

Huu uongo ninajua ulizaliwa wapi. 2019 Kongresi ilitoa feza kwa hasara za 2018 na 2019, wakaiita WHIP+, na kweli wasio na asiransi walilipwa, kwa kipimo cha 70% ya bei ya mavuno waliyotegemea, wenye asiransi 75 mpaka 95. Feza ya hasara za ile miaka tu! Na aliyepokea alilazimishwa kununua asiransi ama NAP miaka 2 iliyofuata, hiyo sehemu hakuna anayeileta kwa matanga.

Niseme ukweli lakini: "mavuno unayotegemea" ya lengalenga inanitesa. Unaikata leo, wiki ijayo imerudi, ingine watoto wamekula, ingine umegawia kanisa, sijawahi kuandika ile namba bila kuona haya kidogo. Na zao la kuvuna kwa mukono, saa 72 kutangaza tangu hasara ionekane. Ionekane lini? Siku maji yaliingia, ama siku majani yalianza kunuka?

Shemeji yangu kule iko na kaye, kila Jumamosi ameandika kilo, ukurasa mumoja una doa ya mafuta ya mawese. Hiyo kaye, biro ya FSA wameikubali. Yule papa wa Kadutu nikamuuliza kama ndugu yake iko na kaye.

"Kaye ya nini?"