Kwa nini saratani ya taya huwapata zaidi watoto wa Kisumu kuliko wa Nyeri?

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani hiyo: uvimbe unaokua kwa kasi kwenye mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama imewahi kuuona. Majibu yakachora ramani: karibu na ikweta, mahali palipopita mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, uvimbe haukuonekana. Ndiyo maana nchini Kenya uko zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, kama Kisumu, na Pwani, kuliko nyanda za juu kama Nyeri.

Ramani hiyo inafanana na ya mbu, na hapo ndipo wengi hupotea. Mbu haambukizi saratani. Hata wanasayansi wa wakati ule walidhani anabeba kirusi cha saratani hiyo. Mwaka 1964, jijini London, kirusi kilipatikana kweli ndani ya uvimbe uliotoka Uganda: Epstein-Barr. Lakini hicho huenea kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wa Nyeri na wa London pia. Kirusi kilichoko kila mahali hakiwezi peke yake kueleza tofauti ya mikoa.

Kinachotofautiana ni malaria. Chembe nyeupe za damu aina ya B hukata na kuunga upya jeni zake ili zitengeneze kingamwili bora. Ni kama fundi cherehani: akielemewa na nguo za sikukuu, mkono wa kanzu unaweza kushonwa kwenye suruali. Malaria ya mara kwa mara huzielemea chembe hizo, na siku moja jeni ya ukuaji iitwayo MYC huungwa pasipo pake, ikawaka bila kuzimika. Chembe iliyoharibika hivyo ingepaswa kufa. Kirusi huisaidia kuishi.

Ushahidi una mapengo. Mkoani Mara, Tanzania, watoto walipewa klorokwini, dawa ya malaria, kuanzia 1977 hadi 1982. Saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa. Hesabu za mikoa nazo hutegemea watoto waliofikishwa hospitali, na uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo wengine huenda wasifike na wasihesabiwe. Wanaowahi matibabu ya dawa, wengi hupona.