Unapomlipa mtu akuandikie CV, unalipia nini hasa?

Wiki ambayo matangazo ya ajira yametoka, benchi la nje ya steshenari yetu halikosi vijana wenye bahasha za kaki. Wanakuja na hela mkononi na maneno waliyosikia mtaani, na maneno hayo ndiyo yanayowatia hasara kuliko bei yenyewe.

"Nikiandikiwa na mtaalamu, lazima niitwe."

Hakuna lazima. Nafasi ikitaka shahada nawe una stashahada, hakuna mwandishi atakayeliziba pengo hilo. CV nzuri inamsaidia anayechambua maombi aone haraka unachokiweza, basi. Usaili utaufanya wewe. Anayekuahidi kazi pamoja na CV, au anayetaka hela "ya mtu wa ndani", usimpe hata senti.

"Si kuchapa tu? Elfu moja inatosha."

Hii ndiyo inayoniuma. Kuchapa na kuandika ni kazi mbili. Alikuja dada mmoja na karatasi yenye mstari huu: "Keshia, 2019–2022. Kupokea pesa." Nikamkalisha, nikaanza kumuuliza. Duka lilikuwa na makeshia wangapi? Watatu. Nani alifunga hesabu jioni? Yeye, za wote watatu. Ripoti ya Z, ile ya mauzo ya siku nzima, kwenye mashine ya risiti ya EFD? Yeye. Hesabu isipolingana? Anapitia risiti moja moja mpaka kosa lionekane. Wageni kazini walifundishwa na nani? Na yeye, wawili. Tulikaa karibu saa nzima. Mstari mmoja ukawa minne, na hakuna neno la uongo ndani yake. Aliusoma mara mbili akasema, "Kumbe nilikuwa nafanya yote haya?"

Maswali hayo ndiyo unayolipia. Mtu akipokea vyeti vyako kwa WhatsApp, asikuulize lolote, kesho akakurudishia faili, umelipia uchapaji hata kama ametoza 50,000. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, muulize: tutakaa tuongee kwa muda gani?

"Mtaalamu anajua kuongeza chumvi."

Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliwaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uongo wao ulikuwa kwenye vyeti, lakini uongo wa kwenye CV unafuatwa vilevile: jina lililo juu ni lako, na atakayeulizwa mbele ya jopo ni wewe.

"Iwe na rangi na picha, ndiyo inavutia."

Mifumo ya kompyuta inayopokea maombi mara nyingi huvuruga majedwali na visanduku. Na kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, unajaza taarifa zako sehemu kwa sehemu, hivyo urembo wa faili hauwezi kuficha ulichojaza ovyo. Hangaika zaidi na wadhamini watatu wanaotakiwa. Nimeona CV safi kabisa yenye namba ya mdhamini isiyopatikana tangu zamani.

"Asiyelipia hapati."

Si kweli, na nasema hivi ilhali kazi hii inanilisha. Kama ndiyo kwanza umemaliza chuo, una shahada na miezi michache ya mafunzo kwa vitendo, andika mwenyewe, kisha mpe mtu wa fani yako aisome. Hela hiyo itunze kwa ajili ya muhuri wa wakili na nauli ya kwenda kwenye usaili. Mwenye miaka kumi kazini anayehama fani, au anayejua kazi yake vizuri lakini Kiingereza cha kuielezea kinampiga chenga, huyo akilipia hapotezi.

Na ukilipia, dai faili la Word, si PDF peke yake. Tangazo la mwezi ujao litataka mambo mengine, na kubadilisha mistari miwili hakupaswi kukurudisha kwenye benchi letu.