Gloriosa ikinyauka, iache ilale

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu gloriosa (Gloriosa superba), ua linaloparamia, huja mvua zinapokatika: majani yamegeuka manjano, shina linanyauka, je, niongeze maji? Hapana, usimwagilie hata tone. Mmea haufi. Unarudisha chakula kwenye kiazi ili ulale kiangazi chote, na maji ya wakati huo ndiyo yanayokiozesha.

Asili yake ni Afrika na Asia ya kusini, na Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Porini huota vichakani, kandokando ya misitu na hata kwenye mchanga wa pwani, mahali penye msimu wa mvua na msimu wa ukavu. Bustani yako ikipata mvua mwaka mzima, shina likikauka fukua kiazi, kihifadhi ndani ya mchanga mkavu pasipo baridi, kisha ukipande tena kikianza kuchomoza jicho.

Kiazi chenyewe ni chembamba, mara nyingi chenye pande mbili kama herufi V, na jicho liko kwenye ncha. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kinavunjika kirahisi mno, na upande uliopoteza ncha yake hauchipui tena. Kishike kwa mikono miwili, kilaze ubavu, kifukie sentimita 5 hadi 10. Udongo usituamishe maji. Ukiwa wa mfinyanzi, changanya mchanga na mboji. Mbolea si jambo la kuumiza kichwa.

Simamisha fito siku hiyohiyo ya kupanda, maana ukizichomeka baadaye unaweza kukitoboa kiazi. Ziwe nyembamba. Gloriosa haijizungushi kwa shina. Ncha ya kila jani hurefuka na kujikunja, ikanasa chochote chembamba kilicho jirani. Nguzo nene haina faida kwake. Mimi hupendelea kuipanda ubavuni mwa kichaka: kinaipa pa kushika, kinatia kivuli kwenye udongo, nayo inapanda juu kufuata jua, mita 2 au zaidi.

Ua huinama, petali zake sita zikapinda nyuma zikitazama juu, kingo zikiwa na mawimbi. Rangi huanza na njano yenye ukijani, kisha wekundu ukaongezeka kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo usidhani una aina mbili kwenye shina moja. Vipepeo na ndege aina ya chozi hulitembelea. Mbegu zake nyekundu zinaota, ila kwa taratibu ya kuchosha, na ua usilitarajie kabla ya mwaka wa pili au wa tatu.

Sasa sumu, na hapa sina mzaha. Mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, hasa kiazi na mbegu. Kwa vipimo vidogo sana, kolchisini hutumika kama dawa ya jongo, ugonjwa wa viungo. Kuna watu waliokufa baada ya kula kiazi hiki wakidhani ni cha chakula. Vaa glavu unapokishika, na usikihifadhi jikoni. Kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbuzi wanaozurura uani, nakushauri upande ua jingine.

Usichimbe viazi porini pia. Mwombe mwenye bustani akugawie: kiazi kilichotunzwa vizuri huacha vipya kila msimu, na mwenye navyo huwa na vya ziada.